Stesheni Iliyohama Mara Mbili: Habari za Yubari, Japani

(Hotuba ya Halmashauri ya Elimu iliyosomwa katika mkutano wa tawi. Tunaipiga chapa kwa faida ya ndugu waliokuwa zamu siku hiyo wasiweze kufika.)



Ndugu mmoja alituuliza mlangoni, "Mabwana, mambo ya hapa yametushinda, sasa mnatupeleka Japani kufanya nini?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwa methali mnayoijua wote: ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Leo tutaeleza habari za mwenzetu aliyenyolewa. Ni mji mdogo uitwao Yubari, katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Hasa tutaeleza habari za stesheni yake ya reli, kwa kuwa kila jambo lililoupata mji ule lilionekana kwanza pale stesheni.

Sisi hatujafika Yubari. Tumesoma yaliyoandikwa, tukayapima, na tunawaletea yale tuliyo na hakika nayo.

1. JINSI MJI ULIVYOZALIWA

Yubari si mji wa kale. Ni bonde jembamba katikati ya milima, na theluji huanguka huko kwa wingi wakati wa baridi. Mwaka 1874 Mmarekani mmoja, Benjamin Smith Lyman, aliyeajiriwa na serikali ya Japani kupima madini, alipita katika nchi ya mto Yubari akaona dalili za makaa ya mawe. Mwaka 1888 mwamba wenyewe wa makaa ukaonekana. Mwaka 1889 ikaundwa kampuni ya kuchimba makaa na kuendesha reli kwa pamoja, na kuchimba kukaanza baada ya hapo. Tarehe 1 Novemba 1892 reli ikafunguliwa kutoka Oiwake mpaka Yubari, na hapo ndipo stesheni yetu ilipozaliwa.

Angalieni jambo hili. Reli haikupelekwa Yubari kwa sababu kulikuwa na watu wa kusafiri. Watu hawakuwapo. Reli ilifuata makaa, na watu wakaifuata reli. Njia ile ilitelemka bondeni, ikakutana na njia iendayo bandari ya Muroran, na makaa yakapakiwa melini. Makaa ya Yubari yalikuwa mazuri sana kwa kuyeyushia chuma. Mwaka 1907 kampuni ile ile ilishirikiana na makampuni mawili ya Kiingereza, Armstrong Whitworth na Vickers, wakaanzisha kiwanda kikubwa cha chuma huko Muroran.

Sisi tunaifahamu reli ya namna hiyo. Njia yetu ya kwenda Magadi nayo ilijengwa kwa ajili ya magadi, si kwa ajili ya abiria. Mafundi wa njia watapenda kujua pia kwamba reli za Japani za zamani zina upana wa milimita 1,067 baina ya chuma na chuma, na yetu ya zamani ni milimita 1,000. Tofauti ni kama vidole vitatu au vinne tu.

Mwaka 1906 serikali ya Japani ilizinunua reli kubwa za makampuni, na reli ya Yubari ikawa mali ya serikali. Kampuni ikabaki na mashimo yake. Tangu siku hiyo bonde lile lilikuwa na matajiri wawili: kampuni chini ya ardhi, na serikali juu ya reli.

2. WATU WALIOCHIMBA

Mfanya kazi wa shimoni alikaa katika nyumba za kampuni, zilizojengwa kwa safu ndefu mlimani kama zilivyo landhi zetu. Kodi ya nyumba hakutozwa, maji alipewa, makaa ya kuotea moto alipewa. Lakini nyumba ilikuwa ya kampuni. Aliyefukuzwa kazi alifukuzwa na nyumbani pia. Hilo nalo mnalifahamu bila ya sisi kulieleza.

Na kifo kilikuwa jirani. Katika mashimo ya makaa hutoka hewa iwakayo moto kama petroli, na vumbi la makaa lenyewe hulipuka. Aprili 1912 mlipuko katika shimo la Yubari uliua watu zaidi ya 250. Novemba 1914 mlipuko mwingine katika shimo la Wakanabe, katika Yubari hiyo hiyo, uliua zaidi ya 400. Ndugu, hesabuni waliomo humu ukumbini, kisha mzidishe mpaka mfike 400.

Ni katika mji huu kwamba mwaka 1902 wachimbaji wawili, Minami Sukematsu na Nagaoka Tsuruzo, waliunda chama cha wafanya kazi wa madini. Wakati huo sheria ya Japani iliwabana vikali wote waliowashawishi wengine kugoma. Baadaye wote wawili walikwenda kusini, kwenye mgodi wa shaba wa Ashio, wakaendelea na kazi ya chama. Februari 1907 palizuka ghasia kubwa Ashio hata serikali ikaleta askari wa jeshi, na wawili hao wakakamatwa. Tunayataja majina yao kwa sababu watu wadogo husahauliwa upesi, na wao walianza mambo haya katika bonde dogo lenye reli moja.

Halafu vikaja vita vya mwaka 1937 mpaka 1945. Vijana wa Kijapani walipopelekwa vitani, mashimo yalikosa watu. Serikali na makampuni wakaleta Wakorea kwa maelfu, na Wachina pia, wengi wao kwa nguvu, wakatiwa mashimoni Hokkaido, na Yubari ilikuwa mojawapo. Walishuka pale stesheni katika nchi wasiyoijua. Vita vilipokwisha, Wakorea wa Yubari walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuweka zana chini. Oktoba 1945 waliacha kazi wakadai warudishwe kwao. Sheria ya kuruhusu vyama vya wafanya kazi ilikuja Desemba mwaka huo. Kwa hiyo wale walioitwa wageni na watumwa waligoma kabla sheria haijawapa wenyeji ruhusa ya kuwa na chama. Tusisahau hilo tunapozungumza juu ya wafanya kazi wa kutoka kabila jingine au nchi nyingine.

3. MIAKA YA WINGI

Baada ya vita Japani ilihitaji makaa kuliko kitu chochote. Treni zilikwenda kwa makaa, viwanda kwa makaa, umeme kwa makaa. Yubari ikanawiri. Ilikuwa imepewa cheo cha mji mwaka 1943, na kufika mwaka 1960 ilikuwa na watu zaidi ya 100,000. Bonde lilijaa nyumba, maduka, skuli na majumba ya sinema. Reli nyingine za makampuni pia ziliingia katika eneo la mji, na pale stesheni magari ya makaa yalipangwa mchana na usiku.

Lakini katika miaka hiyo hiyo ufa ulikwisha anza ukutani. Mafuta kutoka nchi za Kiarabu yalikuwa rahisi kuliko makaa. Katika miaka ya 1960 serikali ya Japani iliamua kuyafunga mashimo yasiyoleta faida. Huko Miike, kusini mwa nchi, wachimbaji waligoma karibu mwaka mzima, 1959 na 1960, kupinga wenzao kuachishwa kazi, wakashindwa. Tangu hapo mashimo yalifungwa moja baada ya jingine, na Yubari haikusalimika.

Mwaka 1975 ulikuwa mzito kwa ndugu zetu wa reli. Tangu mwaka 1948 wafanya kazi wa reli ya serikali walikuwa wamenyang'anywa haki ya kugoma. Tarehe 26 Novemba 1975 vyama vyao viliamua kugoma ili kuidai haki hiyo yenyewe. Treni za serikali karibu zote zilisimama nchi nzima kwa siku nane. Ulikuwa mgomo wa kuajabisha. Lakini serikali haikukubali. Kwa nini? Sababu moja ni hii: malori yaliendelea kuleta chakula mijini. Zamani mgomo wa reli ulisimamisha nchi. Sasa barabara zilikuwa nzuri, na matajiri waligundua kwamba wanaweza kungoja. Mgomo ulikwisha tarehe 3 Desemba bila ya haki ile kupatikana, na baadaye vyama vikashtakiwa kortini vilipe fidia ya zaidi ya yen bilioni 20.

Wiki tatu baadaye, tarehe 24 Desemba 1975, injini ya moshi namba D51 241 iliondoka Yubari ikivuta gari la makaa kwenda Oiwake. Hilo ndilo lilikuwa gari la mizigo la mwisho kuvutwa na injini ya moshi katika reli za serikali ya Japani. Watu wengi walisimama kando ya njia kuliaga. Injini yenyewe iliungua Aprili 1976 shedi ya Oiwake iliposhikwa na moto.

4. OKTOBA 1981

Sasa tunafika mahali pagumu.

Tarehe 1 Oktoba 1981 ilifunguliwa njia mpya ya reli ya kukata milima, kuunganisha mashariki ya Hokkaido na upande wa Sapporo. Treni za kasi zilipita katika stesheni mpya iitwayo Shin-Yubari, maana yake Yubari Mpya. Lakini stesheni hiyo ilikuwa mbali na mji wenyewe. Yubari ya zamani ikawa ncha ya tawi, mahali ambapo treni hufika ikageuka kurudi ilikotoka.

Siku kumi na tano baadaye, tarehe 16 Oktoba 1981, hewa mbaya ilifumuka katika Shimo Jipya la Yubari. Shimo hilo lilianza kazi mwaka 1975, nalo lilisifiwa kuwa la kisasa. Baadhi ya wanaume walioingia kuwaokoa wenzao nao wakafa. Moto ukawaka chini. Wengi walikuwa bado humo, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama wote wamekufa. Kampuni ikataka kulijaza shimo maji ili moto uzimike. Mkuu wa kampuni alikwenda kwa jamaa za watu wale, nyumba kwa nyumba, kuomba wakubali. Tarehe 23 Oktoba maji yakamiminwa. Wote waliokufa walikuwa 93.

Ndugu, watu husema ajali haina kinga. Sisi hatukubali neno hilo litumiwe kazini. Shimo lile lilikuwa la kina kirefu na lenye hewa nyingi ya hatari, na jambo hilo lilijulikana. Wakati huo kampuni ilikuwa na madeni na ilihitaji makaa yatoke upesi. Palipo na madeni na haraka, wa kwanza kulipa ni yule aliye chini kabisa. Hili ni kweli kwa mchimbaji wa Yubari, na ni kweli kwa fundi wa njia anayeambiwa apitishe reli iliyochakaa kwa sababu treni imechelewa.

Desemba 1981 kampuni iliyoendesha shimo ilifilisika. Oktoba 1982 shimo likafungwa na wafanya kazi wote wakaachishwa. Mwaka 1985 mlipuko katika shimo la kampuni nyingine, huko Minami-Oyubari, uliua 62. Shimo hilo, la mwisho Yubari, lilifungwa mwaka 1990.

5. STESHENI YAHAMA

Hapa ndipo stesheni ilipoanza kutembea, jambo lisilo la kawaida kwa stesheni.

Ile ya zamani ilikuwa juu kabisa bondeni, karibu na shimo, maana ilijengwa kwa ajili ya makaa. Makaa yalipokwisha, haikuwa na maana treni kupanda mpaka pale. Oktoba 1985 stesheni ilisogezwa chini, karibu na ofisi za mji. Desemba 1990 ikahamishwa tena chini zaidi, mbele ya hoteli ya watu wanaokuja kuteleza juu ya theluji. Kwa jumla ilirudi nyuma zaidi ya kilometa 2. Tazameni safari hiyo: kwanza stesheni ilikaa mlangoni mwa shimo, kisha mlangoni mwa serikali ya mji, mwisho mlangoni mwa hoteli. Haikuwahi kuwekwa mahali fulani kwa sababu wafanya kazi wamepachagua.

Katikati ya kuhama huko, reli yenyewe ilibadilika mwenyewe. Reli ya serikali ya Japani ilikuwa na deni la zaidi ya yen trilioni 37, na tarehe 1 Aprili 1987 ilivunjwa ikafanywa makampuni saba, sita ya abiria na moja ya mizigo. Waliotaka kuajiriwa na makampuni mapya ilibidi majina yao yawe katika orodha. Mwaka uliotangulia, wengi wa wanachama wa Kokuro, chama kikubwa kilichopinga kuvunjwa kwa reli, waliondolewa katika kazi zao za ufundi wakapelekwa mahali pa pekee kung'oa majani na kufanya kazi nyingine za kupoteza siku. Vyama vingine vya reli vilipatana na serikali. Kokuro ikapoteza wanachama wengi mno kwa muda mfupi.

Orodha zilipotoka, maelfu hawakuchukuliwa, hasa katika Hokkaido na Kyushu. Aprili 1990 watu 1,047 waliokuwa bado hawajapata kazi waliachishwa moja kwa moja. Walikwenda kortini. Waliuza mboga na samaki, walifanya vibarua, wake zao walibeba nyumba. Desemba 2003 korti kuu iliamua kwamba makampuni mapya hayana lawama. Hawakuacha. Juni 2010 ilipatikana suluhu na serikali: zaidi ya jamaa 900 zililipwa karibu yen milioni 22 kila moja. Lakini kazi hawakurudishiwa, na wengine walikuwa wamekwisha kufa. Walipigana miaka ishirini na zaidi. Tunawaheshimu kwa kuvumilia, na tunajiuliza pia mambo yangekuwaje kama vyama vya reli vingesema neno moja mwaka 1986.

6. MJI WAFILISIKA

Kampuni ya makaa ilipoondoka Yubari iliacha nyumba, mabomba ya maji na hospitali. Nani azitunze? Mji ukazichukua, na kazi ya kufunga mashimo iliugharimu karibu yen bilioni 58. Meya wa wakati huo, Nakata Tetsuji, alitaka mji ugeuke kutoka makaa uingie katika utalii. Zikajengwa nyumba za maonyesho ya makaa, viwanja vya michezo na mahali pa kuteleza juu ya theluji. Mwaka 1990 wakaanzisha tamasha la sinema. Wakulima nao walipata sifa kwa matikiti yao matamu, ambayo mpaka leo huuzwa ghali sana huko Japani.

Lakini watalii hawakutosha, na madeni yalifichwa. Namna ya kuficha ilikuwa hivi: fungu moja la fedha za mji hulikopesha fungu jingine mwisho wa mwaka ili hesabu ionekane safi, na mwaka mpya ukianza deni hurudi mahali pake. Ni kama mtu anayekopa kwa jirani siku ya kukaguliwa, kisha kurudisha kesho yake. Juni 2006 siri ikatoka. Mwaka 2007 mji uliwekwa rasmi chini ya uangalizi wa serikali, ukiwa na karibu yen bilioni 35 za kulipa kwa miaka 18.

Nani alilipa? Wafanya kazi wa mji walikatwa mishahara kiasi cha asilimia 30, na karibu nusu yao waliacha kazi. Hospitali ya vitanda 171 ikageuzwa zahanati ya vitanda 19. Skuli za msingi zikaunganishwa ikabaki moja. Kodi na malipo ya maji yakapanda. Vijana wakaondoka kwa treni ile ile iliyowaleta babu zao. Mji uliokuwa na watu zaidi ya 100,000 mwaka 1960 ulikuwa umebakiwa na chini ya 7,000 mwanzoni mwa miaka ya 2020.

7. TRENI YA MWISHO

Kampuni ya reli ya Hokkaido nayo ilikuwa taabuni. Mwaka 1987 ilipewa fungu la fedha ili riba yake izibe hasara za njia zisizo na watu wengi. Riba ikashuka, watu wakapungua, magari ya barabara yakazidi. Novemba 2016 ilitangaza kwamba haiwezi tena kuendesha peke yake kiasi cha nusu ya njia zake. Tawi la Yubari, lenye urefu wa kilometa 16.1, lilikuwa limebakiwa na treni tano tu kwenda na tano kurudi kwa siku.

Lakini kabla ya tangazo hilo, Agosti 2016, meya kijana wa Yubari, Suzuki Naomichi, alikwenda kwa kampuni mwenyewe akasema: njia yetu ifungwe, lakini kwa masharti. Wengi walishangaa. Yeye alifikiri kwamba ikiwa njia itafungwa hata hivyo, afadhali kupatana mapema mkiwa bado na kitu cha kutoa kuliko kungoja mfungiwe bure. Mapatano yakatiwa sahihi Machi 2018. Kampuni ikakubali kutoa yen milioni 750 za kusaidia mabasi kwa miaka 20, kuupa mji kiwanja cha kujengea nyumba ya mambo ya jamii karibu na mojawapo ya stesheni za tawi, na kuleta mtumishi wake kusaidia mji kupanga safari.

Tarehe 31 Machi 2019 treni ya mwisho iliondoka Yubari. Umati ulijaa stesheni, wakipunga vitambaa vya rangi ya manjano, maana filamu maarufu ya mwaka 1977 yenye vitambaa vya namna hiyo ilipigwa katika mji huo. Kisha reli ya miaka 126 ikanyamaza. Suzuki akachaguliwa gavana wa Hokkaido mwezi uliofuata. Hoteli ile iliyofuatwa na stesheni mwaka 1990 ilifunga milango mwisho wa mwaka 2020.

Je, meya alifanya vema? Katika halmashauri yetu hatukupatana, nasi hatutawaficha. Wengine wetu wanasema alitumia akili: watu wa Yubari walipata mabasi ya kupita karibu na nyumba zao, na fedha zilizoandikwa katika mkataba. Wengine wanasema alifungua mlango mbaya, kwa sababu sasa kila mji wenye reli dogo utaambiwa, "Yubari walikubali, ninyi ni nani?" Hata hivyo sote tulikubaliana juu ya jambo moja. Mwenye kupatana lazima awe na kitu mkononi, na awe amekwisha kuuliza watu wake.

8. MAFUNZO

Ndugu, tumechukua muda wenu mwingi, basi tutayataja mafunzo kwa ufupi.

Kwanza, reli ya kitu kimoja hufa kitu hicho kinapokufa. Tawi la chama lililo mahali penye tajiri mmoja na mzigo mmoja lazima liulize mapema: mzigo huu ukikoma, tutabeba nini? Swali hilo huulizwa wakati wa wingi. Wakati wa njaa halisaidii.

Pili, hesabu za tajiri ni kazi yetu. Watu wa Yubari hawakuzisoma hesabu za mji, wala wachimbaji hawakuonyeshwa vizuri madeni ya kampuni. Chama kisicho na mtu wa kusoma hesabu ni kama dereva asiyeona taa za ishara. Ndiyo sababu halmashauri hii inaomba vijana waje darasani.

Tatu, usalama hauwezi kungoja mpaka tajiri apate fedha. Watu 93 wa Shimo Jipya hawakufa kwa kukosa mitambo ya kisasa.

Nne, mgomo ni silaha, na silaha hukaguliwa kabla ya kutumiwa. Ndugu wa mwaka 1975 walikuwa na umoja na ujasiri, lakini malori hayakuwa upande wao. Mwenye reli ajuane na mwenye lori, na wote wawili wajuane na makuli wa bandarini.

Tano, na hili ndilo kubwa, orodha. Siku tajiri anapotengeneza orodha ya watakaobaki, vyama vilivyogawanyika havina la kumwambia. Watu 1,047 walikaa nje miaka ishirini kwa sababu wenzao walidhani orodha haitawahusu wao.

Stesheni ya Yubari ilihama mara mbili ikifuata fedha, na mara ya tatu haikuwa na mahali pa kwenda. Watu waliobaki bondeni wangali wanapanda mabasi, wanalima matikiti, wanalipa deni ambalo wengi wao hawakulikopa. Hao ndio wenzetu.



MASWALI YA KUZUNGUMZWA KATIKA MATAWI

1. Mahali mnapofanya kazi, ni mzigo gani au kazi gani inayoleta mshahara wenu? Ikikoma, tajiri amesema atafanya nini? Imeandikwa wapi?

2. Lini mara ya mwisho tawi lenu liliomba kuonyeshwa hesabu? Jibu lilikuwa nini?

3. Kama mngekuwa watu wa Yubari mwaka 2016, mngekubali kufungwa kwa masharti, au mngekataa mpaka mwisho? Toeni sababu za pande zote mbili, na katibu aziandike.

Majibu yaletwe kwa Halmashauri ya Elimu kabla ya mkutano ujao.